Daftari Usiloliona

Mama huyu anauza samaki soko la Kongowea, Mombasa, na bahasha ya kaki aliyoniletea ilikuwa imelowa pembe moja kwa maji ya barafu. Ndani mlikuwa na kurasa nne zilizokunjwa mara mbili. Alikuwa ameomba mkopo wa kununulia friza, akanyimwa. Kijana wa kaunta alimwambia maneno mawili tu: "Uko CRB." Hakumwambia ni deni gani, wala la nani, wala la lini. Alipoulizauliza nje, akaelekezwa kwa mtu mmoja mwenye saiba karibu na steji, aliyemwahidi "kumsafisha" kwa elfu tatu. Bahati nzuri siku hiyo hakuwa na elfu tatu.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi deni hili nililipa. Wallahi nililipa. Nisomee, hapa wameandika nini?"

Nilikaa kwenye dawati la mikopo la benki miaka kumi na moja kabla ya kuanza kushauri vyama vya akiba. Katika miaka hiyo nilipitisha maelfu ya mistari kama ile iliyokuwa katika bahasha yake, na ni wateja wachache mno niliowahi kuwaonyesha mstari wao. Hakuna aliyenikataza. Hawakuuliza, nami sikusema. Ndiyo maana sasa nasema.

Wazee wetu walikopa dukani. Mwenye duka alikuwa na daftari, na kila mkopaji alikuwa na ukurasa wake: sukari kilo mbili, mafuta ya taa, unga. Mwisho wa mwezi ukienda kulipa, daftari lilifunuliwa juu ya kaunta, mkahesabu pamoja. Kama ameandika kilo tatu badala ya mbili, mlibishana papo hapo mpaka mkaelewana, kisha akapiga mstari juu ya deni lako huku unamtazama. Daftari la leo linaandikwa na watu usiowajua, nao mstari unaweza kupigwa au usipigwe bila ya wewe kujua. Lakini haki ya kulifunua na kubishana bado ni yako. Wengi wetu hulifunua siku ambayo tumekwisha kunyimwa, na siku hiyo huwa tumechelewa.

Tuanze na hayo maneno mawili ya kijana wa kaunta, maana yamewatesa watu bure. Kila anayekopa benki nchini Kenya siku hizi yuko CRB. Mimi niko, kijana yule yuko, na meneja wake pia yuko. CRB si jela ya wadeni. Ni kampuni zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya, zinazoweka kumbukumbu za nani amekopa, kiasi gani na analipa vipi. Tatu zilizozoeleka ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kanuni za kwanza zilitolewa mwaka 2008, na kampuni ya kwanza ikapewa leseni mwaka 2010. Mwanzoni benki zilipeleka habari za waliokwama tu, na hapo ndipo mazungumzo ya "orodha nyeusi" yalipozaliwa. Kanuni za 2013 zilibadilisha jambo hilo: benki zikatakiwa kupeleka habari za mikopo yote, inayolipwa vizuri na isiyolipwa. Tangu hapo swali la maana si kama uko CRB. Swali ni kuhusu kilichoandikwa.

Simu nayo ikaingiza watu wengi ambao hawajawahi kukanyaga benki. M-Shwari ilianza Novemba 2012, Fuliza Januari 2019, na katikati yake zikamiminika programu za mikopo ambazo hazikuwa na msimamizi yeyote. Watu wakajikuta wameorodheshwa kwa deni la shilingi mia mbili, na mtu mwenye doa la mia mbili akanyimwa mkopo wa laki mbili. Aprili 2020 Benki Kuu ilitoa kanuni mpya: deni lisilofika shilingi 1,000 lisipelekwe kama habari mbaya, na wakopeshaji wa simu wasio na usimamizi wakaondolewa katika mfumo. Wakopeshaji hao wakaja kuwekewa sheria yao Desemba 2021, inayowataka wawe na leseni ya Benki Kuu. Kanuni zilizofuata mwaka 2022 zikawakataza kupigia simu jamaa na marafiki zako kukuaibisha.

Nirudi kwenye bahasha ya mama, iliyokuwa na ripoti yake ya mkopo kutoka CRB.

Ukurasa wa kwanza wa ripoti ya mkopo una mambo yako binafsi: majina, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, namba za simu, anwani. Watu huuruka ukurasa huu, na mimi huwaambia wasiuruke hata kidogo. Pwani yetu ina akina Fatuma Ali na Mohamed Salim wangapi? Kinachowatenganisha ni namba ya kitambulisho, na namba hiyo huandikwa na binadamu. Tarakimu moja ikikosewa, deni la jirani linahamia kwako. Ukiona namba ya simu ambayo hujawahi kuwa nayo, usipite. Huenda mtu alisajili laini kwa kitambulisho chako akakopa. Kwa mama huyu kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa laini ya zamani aliyoiacha.

Kurasa zinazofuata ndizo zenye akaunti, kila mkopo na mstari wake: ulifunguliwa lini, wa kiasi gani, umebaki kiasi gani, umechelewa siku ngapi, malipo ya mwisho yalikuwa lini, na uko daraja gani. Madaraja ni matano, na ni yaleyale benki zinayotumia kupima mikopo yake. Mkopo ambao haujachelewa kupita siku 30 ni wa kawaida. Kati ya siku 31 na 90 unawekwa chini ya uangalizi. Ukipita siku 90 hapo ndipo mkopo unapohesabiwa kuwa haulipwi, na kuanzia hapo unashuka: wa tatu hadi siku 180, wa nne wenye mashaka hadi siku 360, na wa mwisho ni hasara. Kwa hiyo kuchelewa wiki moja kwa sababu mshahara haujaingia hakukutii motoni. Mstari wa hatari ni siku ya 90, na mkopaji anapaswa kuijua siku hiyo kama anavyojua siku ya kodi ya nyumba.

Mstari wa mama ulikuwa huu: mkopo wa simu, shilingi 6,000, Aprili 2023, wa siku 30. Deni lililobaki, 7,150. Siku za kuchelewa, zaidi ya 360. Daraja, hasara. Malipo ya mwisho, hakuna.

Yeye akasema alilipa Septemba mwaka uleule, baada ya msimu wa kusi kupungua na samaki kurudi. Simu aliyolipia ilikuwa imekwisha kuharibika na ujumbe wote ulikuwa umepotea. Lakini ujumbe ukipotea kwenye simu haujapotea kwenye mfumo. Tukaomba taarifa ya M-Pesa ya mwaka ule, tukashuka nayo mstari kwa mstari, kidole chake kikifuatisha changu, mpaka tukaikuta Septemba. Shilingi 7,150, jina la mkopeshaji, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, na namba ya muamala yenye herufi na tarakimu kumi. Akakaa kimya kidogo, kisha akaugonga ule mstari kwa ukucha. "Si nilikwambia?"

Basi kwa nini daftari halikupigwa mstari? Hapa naeleza mambo niliyoyaona kwa macho yangu. Kila mwezi taasisi hukusanya akaunti zake zote katika faili moja na kulipeleka CRB. Kompyuta za CRB hulipitia faili hilo, na mstari wenye kasoro, tuseme tarehe iliyoandikwa kinyume au kitambulisho kilichopungua tarakimu, hurudishwa. Anayepaswa kuurekebisha ni karani mwenye mamia ya mistari mingine ya namna hiyo mezani. Asipourekebisha, taarifa ya mwezi uliopita ndiyo inayobaki. Ukiona hivyo utaelewa jinsi mambo yanavyoharibika: mstari unaosema umelipa ukirudishwa, mstari unaosema hujalipa unabaki palepale, na kila mwezi mkopo unazidi kuzeeka mpaka ufike daraja la hasara. Hakuna aliyemwonea mama huyu kwa makusudi. Lakini friza ameikosa vilevile.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kwa daftari la duka ilitosha. Kwa daftari hili, ukimaliza kulipa bado hujamaliza: subiri mwezi mmoja au miwili, kisha itisha ripoti uone kama malipo yako yameandikwa.

Kuitisha ripoti ni haki, si hisani. Kwa mujibu wa kanuni, unastahili ripoti yako bila malipo mara moja kwa mwaka. Ukinyimwa mkopo kwa sababu ya kilichoandikwa CRB, aliyekunyima anapaswa kukueleza hivyo na kukutajia ni CRB gani, nawe una haki ya kupewa nakala. Hata kabla ya kufika huko, mkopeshaji anapaswa kukuarifu mwezi mmoja kabla ya kupeleka habari mbaya juu yako. Na juu ya kanuni zote ipo Katiba ya 2010. Kifungu cha 35 kinampa kila mtu haki ya kutaka habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomhusu zisahihishwe au zifutwe. Sijui kama wapo wauza samaki wengi waliowahi kuambiwa kwamba Katiba inawalinda mpaka ndani ya kompyuta ya benki, lakini inawalinda.

Namna ya kupinga ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Unaiandikia CRB iliyotoa ripoti, unataja akaunti, unasema kosa ni nini, unaambatisha ushahidi. Hakuna haja ya wakili. Barua yetu ilikuwa na aya mbili, na taarifa ya M-Pesa nyuma yake yenye mstari mmoja uliopigwa rangi. CRB ikishapokea, inapaswa ndani ya siku 5 za kazi kuweka alama kwenye ripoti kuonyesha kwamba habari hiyo inapingwa, na kumtaka mkopeshaji athibitishe alichoandika. Uchunguzi usipokamilika katika muda uliowekwa, habari inayopingwa inapaswa kuondolewa. Neno muhimu hapa ni maandishi. Nimewaona watu wanakwenda kulalamika kwa mdomo mara nne, wanazungushwa, wanachoka. Barua yenye muhuri wa kupokelewa haizungushwi kirahisi.

Wiki ya tatu ripoti mpya ikaja. Deni lililobaki, sifuri. Akaunti, imefungwa. Mama alifurahi mpaka alipofika mwisho wa mstari, akaniuliza mbona bado pameandikwa kwamba alichelewa siku 118. Ilinibidi nimwambie ukweli ambao watu wa "kusafisha" hawausemi. Alichelewa kweli. Kosa lililofutwa ni lile la kusema hakulipa, lakini kuchelewa ni habari sahihi, na habari sahihi ya mkopo uliokwama hukaa katika kumbukumbu hadi miaka 5 tangu siku deni lilipolipwa. Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyekwama akalipa na mtu aliyetoroka na deni, na afisa wa mikopo anayeijua kazi yake anaiona tofauti hiyo kwa mtazamo mmoja.

Ndiyo sababu nawaomba ndugu zangu msiwape pesa watu wanaojitangaza kwamba wanafuta majina CRB. Habari mbaya hubadilika kwa njia mbili: ulipe, au uthibitishe kwamba si kweli. Kulipa unaweza mwenyewe, na kupinga kosa ni bure. Mtu wa saiba hana ufunguo wa daftari. Atakachofanya ni kukuandikia barua ileile ambayo ungeiandika wewe, au kuchukua elfu tatu zako na nakala ya kitambulisho chako, na hiyo nakala ndiyo inayonitia hofu zaidi kuliko pesa.

Kuna watu pia wanaochanganya ripoti na cheti. Cheti cha CRB ni karatasi moja inayosema huna mkopo uliokwama, na vijana wetu wanaotafuta kazi wanakifahamu vizuri, maana kwa miaka mingi walitakiwa wakinunue pamoja na vyeti vingine hata kabla ya kuitwa kwenye usaili. Kijana hana kazi, anatakiwa alipie uthibitisho kwamba hana deni, ili apate kazi ya kulipia deni la masomo la HELB. Niliudhika na jambo hilo wakati ule na bado linaniudhi. Kanuni za 2020 zilisema cheti cha kwanza kitolewe bila malipo, na mwaka 2022 sheria ya ajira ikarekebishwa ili mwajiri asidai vyeti hivyo mpaka awe amekupa kazi. Ukidaiwa kabla ya hapo, uliza kwa adabu ni sheria gani inayotumika.

Novemba 2022 serikali na Benki Kuu walileta mpango wa kuwasafishia jina wakopaji wa simu. Mikopo ya siku 30 au pungufu iliyokuwa imekwama ilipunguzwa angalau nusu, na mkopaji akapewa hadi mwisho wa Mei 2023 kulipa kilichobaki. Ilikadiriwa kuwagusa watu milioni 4.2, wenye madeni ya takriban shilingi bilioni 30. Niliuunga mkono mpango ule, maana uliwarudisha watu wa biashara ndogo mezani. Lakini watu wengi walisikia kwenye redio kwamba "majina yamefutwa" wakadhani deni limefutwa, hawakulipa ile nusu, na hawakuitisha ripoti kuona kilichoandikwa baada ya tangazo.

Alama za mkopo, yaani ile namba inayokupima kama mkopaji, nazo zina mkanganyiko wake. Metropol hupima kuanzia 200 hadi 900, na wenzao wana vipimo vyao, kwa hiyo usishtuke ukipewa namba mbili tofauti wiki moja. Alama ni matokeo ya hesabu iliyofanywa juu ya mistari ile. Ukiishughulikia mistari, alama itafuata yenyewe. Na kwa kuwa kila kampuni ina daftari lake, kosa likirekebishwa kwa moja hakikisha limerekebishwa na kwa nyingine.

CRB au mkopeshaji akikataa kurekebisha, mlango haujafungwa. Unaweza kupeleka malalamiko Benki Kuu. Unaweza pia kwenda kwa Kamishna wa Kulinda Data, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kujua habari zako zinatumiwaje, kuziona, na kutaka za uongo zifutwe, na malalamiko yanapaswa kukamilishwa ndani ya siku 90. Sheria hiyohiyo inasema usiamuliwe jambo kubwa na mashine peke yake. Simu ikikunyima mkopo katika sekunde tatu, una haki ya kutaka uamuzi huo uangaliwe upya.

Sasa niseme linalonikera kuliko yote. Nilimuuliza mama kama hakupata taarifa kabla ya kuorodheshwa. Akasema ujumbe ulikuja, lakini ulikuwa wa Kiingereza, akadhani ni wale matapeli wanaosema umeshinda gari. Kurasa nne za ripoti zilikuwa za Kiingereza. Mkopo wenyewe alipoomba kwa simu, menyu ilikuwa ya Kiswahili fasaha kabisa! Wakati wa kukopesha lugha yake inajulikana, na wakati wa kudai na kuorodhesha inasahauliwa. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya habari zinazomwezesha kunufaika na huduma anayopewa. Taarifa usiyoielewa haijakufikia, hata kama simu imelia. Benki Kuu inaweza kuagiza taarifa ya mwezi mmoja kabla, barua ya kunyimwa mkopo na ripoti yenyewe zitolewe kwa lugha anayoichagua mteja. Si kazi ngumu. Madaraja matano, tarehe, kiasi, siku za kuchelewa: nimeyaeleza hapo juu kwa Kiswahili bila ya kukwama popote, na mama wa Kongowea aliyashika yote kwa kikombe kimoja cha kahawa.

Friza aliipata, ingawa kwa riba iliyo juu kidogo kuliko ya dada yake, kwa sababu ya zile siku 118. Januari hii amerudi na bahasha nyingine, kavu, yenye ripoti tatu alizoziitisha mwenyewe. Hakunipa nimsomee. Alizitandaza mezani, akapita kwenye majina, akapita kwenye akaunti, akafika mahali palipoandikwa ni nani na nani wameitazama ripoti yake mwaka huu. Kidole kikasimama kwenye jina la kampuni moja.

"Na hawa ni kina nani?" akauliza. "Mimi hawa sijawaomba kitu."

Nami sikuwafahamu. Tukavuta karatasi, tukaanza kuandika barua, na safari hii kalamu aliishika yeye.